Basi la walimu na maji ya Mida: uchambuzi wa kisa cha ziara ya siku moja

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nimekiandika kwa watu wa pande mbili: wanaopanga ziara za siku moja kutoka mjini, na wanakijiji wanaozipokea. Majina ya kijiji, chama, kikundi cha wenyeji na wahusika wote yameondolewa, na mwaka haukutajwa. Hori ya Mida nimeiacha na jina lake kwa sababu mambo yote yaliyotokea yalitokana na tabia ya hori yenyewe. Vijiji vinavyoizunguka ni vingi.

Mimi hufanya kazi na vikundi vya kijamii vya utalii katika Kaunti ya Kilifi. Siku hiyo nilikuwepo kwa mwaliko wa wenyeji, na baadaye nilikaa na pande zote mbili kwenye tathmini.

## Mahali penyewe

Hori ya Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, kiasi cha kilomita mia moja kaskazini ya Mombasa. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliingiza eneo la Malindi na Watamu katika hifadhi za baiosfia za dunia. Ng'ambo ya barabara kuu kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Kenya. Kati ya msitu na hori kuna vijiji vya Wagiriama na majirani zao: mashamba ya mahindi na mihogo, minazi, mikorosho, na chini kabisa mikoko.

Watu hupenda kusema "twende tukaone ndege wa Mida" kana kwamba ndege wapo pale kutwa kama mawe. Hawako hivyo. Maji yakipwa, hori hugeuka uwanja mpana wa tope na mchanga, na ndege hutawanyika humo kutafuta kaa, minyoo na vijidudu. Aliyesimama ukingoni huona vidoa tu kwa mbali. Maji yanapojaa, uwanja ule hupungua kidogo kidogo, ndege husukumwa kuja ufukoni, na saa mbili tatu kabla ya maji kujaa kabisa hukusanyika kwenye mafungu ya mwisho ya mchanga, karibu na mikoko. Hapo ndipo hata mtoto asiye na darubini huweza kuwahesabu.

Wavuvi wa pwani hii hawahitaji kitabu kujua saa hizo. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, tena hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku saa husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini, wakati mwingine pungufu. Huo ni ujuzi wa kila mtu kijijini, hata wa watoto wanaookota chaza.

Miezi ya kaskazi hori hujaa wageni wa kweli. Wapo vitwitwi wa aina nyingi, wadogo kama kiganja, ambao baadhi yao huzaliana kwenye nchi za baridi za kaskazini mwa Siberia. Wapo sululu wenye midomo iliyopinda. Na yupo yule ambaye watu wengi huja Mida kwa ajili yake: mla kaa (Dromas ardeola), mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene kama patasi. Huyu huzaliana kwenye fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, na tofauti na jamaa zake wote wa pwani, huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Kisha huja kwetu kukaa hadi wakati wa kurudi, miezi ya Machi na Aprili.

## Wageni na mpango wao

Wageni walikuwa chama cha ustawi cha walimu kutoka Mombasa, watu 31 pamoja na watoto wachache. Kwa kila mtu zilichangwa shilingi 2,500, zikapatikana 77,500. Basi la kukodi lilichukua 28,000. Kijijini waliahidi kulipa 15,500 kwa chakula, 9,300 kwa daraja la mbao na waongozaji, na 6,000 kwa kikundi cha ngoma. Zilizobaki zilikuwa za chai ya njiani, maji ya kunywa, kiingilio cha magofu ya Gede na akiba.

Mratibu alikuwa mwalimu mwenye uzoefu wa kupeleka wanafunzi safari, mtu makini, anayeandika kila kitu. Ratiba yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Kutoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi. Kufika horini saa tatu na kutazama ndege hadi saa tano. Saa sita magofu ya Gede. Saa saba chakula kijijini, saa nane ngoma, saa tisa "kutembelea nyumba za asili na vigango" (nguzo za mti zinazochongwa kwa ajili ya marehemu), saa kumi safari ya kurudi.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi ya Februari, kwa sababu mwisho wa mwezi mshahara umeingia na Jumamosi hakuna kazi. Ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu. Kwa maneno mengine, bamvua: maji yangepwa kabisa kabla kidogo ya saa tano asubuhi na kujaa kabla kidogo ya saa kumi na moja jioni. Saa zilizotengwa kwa ndege zilikuwa mbaya kuliko zote katika siku nzima.

Kijijini mratibu alizungumza na kijana mmoja tu, kiongozi wa waongozaji. Walipigiana simu mara kadhaa. Walikubaliana bei, idadi ya watu na chakula. Habari ya maji haikutajwa na yeyote. Habari ya vigango nayo haikufika kijijini. Iliingizwa kwenye ratiba siku za mwisho, baada ya mwanachama mmoja kusoma juu yake na kuomba katika kundi la WhatsApp la chama.

## Siku ilivyokwenda

Basi lilichelewa kwa sababu za kawaida, mmoja amesahau dawa, mwingine anasubiriwa, kisha foleni ya Mtwapa. Walifika horini karibu saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali.

Walishuka, wakalipia, wakaanza kupita kwenye daraja kuelekea banda la kutazamia ndege. Daraja lile ni la mbao za kuning'inia, hupita katikati ya mikoko na kuyumba mtu akikanyaga. Sheria ya wenyeji ni watu wanane kwa mara moja. Watu 31 waliobanana ndani ya basi kwa saa nne hawakuwa na subira ya kusubiri kwa zamu, wakaingia kwa mkupuo, watoto wakirukaruka. Kijana kiongozi, aliyesimama kwenye kiingilio, alisema "taratibu jamani" mara mbili, kisha akanyamaza.

Kule bandani waliona tope. Ndege walikuwapo, lakini mbali sana, ukingo wa maji, na mvuke wa joto ulikuwa umeanza kuwafanya watetemeke hata kwenye darubini ya miguu mitatu. Darubini ilikuwa moja. Baada ya dakika kumi na tano manung'uniko yalianza. Mwalimu mmoja aliuliza kwa sauti, "Ndio hawa tuliofunga safari?"

Wanachama wawili waliamua kuwafuata ndege kwa miguu. Walivua viatu, wakashuka topeni kabla mwongozaji hajawafikia. Tope la Mida halidanganyi: juu linaonekana gumu, ukipita hatua kumi linakushika magotini. Mama mmoja alikanyaga mzizi wa mkoko ili asianguke, na mzizi ulikuwa umejaa chaza. Gamba la chaza lilimchana chini ya kidole gumba cha mguu, mchano mfupi lakini wa kina, na tope likaingia ndani. Wakati huohuo kundi la vitwitwi waliokuwa wakila karibu zaidi lilipaa na kwenda kutua ng'ambo.

Mguu ulioshwa kwa maji safi ya kunywa, chupa baada ya chupa, mpaka tope lote likatoka, kisha kwa dawa na bendeji kutoka kwenye kisanduku cha basi. Kisanduku kilikuwa kamili. Huo ulikuwa umakini wa mratibu na ulimsaidia mtu. Mama yule alishauriwa kwenda zahanati kuangalia chanjo ya pepopunda, akaenda Jumatatu.

## Uamuzi wa kwanza: kugeuza siku

Ilikuwa karibu saa tano. Mratibu alimwita kijana kiongozi pembeni, chini ya mkwaju, akamuuliza waziwazi: "Niambie kweli, kaka. Hawa ndege watakuja au hawaji?"

Kijana alichukua kijiti akachora mchangani. Akachora ukingo wa hori, akaonyesha maji yalipo sasa, akaonyesha yatakapofika saa nane, saa tisa, saa kumi. "Saa nane na nusu wataanza kuja wenyewe, mwalimu. Saa tisa na nusu watakuwa hapa," akachoma kijiti karibu kabisa na banda. "Mkiondoka sasa mtakuwa mmekuja kuona tope."

Mratibu alikuwa na njia tatu. Kuendelea na ratiba na kukubali kwamba ndege wamekosekana. Kwenda Gede kisha kurudi horini alasiri, ambako kungekata chakula na ngoma. Au kuacha Gede kabisa, kwenda kijijini sasa hivi, kula mapema, na kurudi horini saa nane na nusu.

Alichagua la tatu. Sababu alizonieleza baadaye ni mbili. Gede ni mji wa mawe uliohamwa karne nyingi zilizopita, upo pale Jumamosi na Jumanne, asubuhi na jioni. Mla kaa haji kwa miadi. Pia kiingilio cha Gede kilikuwa hakijalipwa, kwa hiyo kukiacha hakukumpotezea chama senti.

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyolitangaza jambo hilo. Hakupeleka ujumbe kwenye simu. Aliwakusanya wote palepale mkwajuni, akamwomba kijana achore tena mchoro uleule mbele yao, na kijana akaeleza maji kwa maneno yake mwenyewe. Dakika tano. Manung'uniko yakaisha. Walimu ni watu wanaokubali kubadilishiwa kipindi wakionyeshwa sababu.

## Kijijini

Kubadilisha saa kwa wageni ni rahisi. Kwa wenyeji kuna moto jikoni. Akina mama walikuwa wanapika kwa ajili ya saa saba. Kijana alikwenda mbele kwa bodaboda kuwapa habari, na mpishi mkuu, bibi wa makamo, alimjibu: "Wali ni wa saa saba. Wakija saa tano watakula macho."

"Basi hawe," yaani bibi kwa Kigiriama, kijana akasema, "nipe la kuwapa mpaka saa sita na nusu."

Wakampa madafu. Wakampa mgema aliyekuwa apande mnazi jioni, akakubali kupanda mchana, akawaonyesha jinsi anavyochonga kilele cha karara kwa kisu chembamba na kufunga kibuyu chini yake. Wakampa mama mmoja anayesuka makuti, na watoto wa mjini walikaa naye kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani, wakihangaika na njiti zao. Yote haya hayakuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote, na ndiyo yaliyotajwa zaidi wageni walipoulizwa baadaye kilichowafurahisha kijijini.

Chakula kilitoka saa sita na nusu: wali wa nazi, kuku wa kuchemsha na kukaangwa, samaki wa kupaka, mchicha na mnavu. Baadhi ya wageni walikuwa Waislamu na hakuna aliyekuwa amewaeleza wapishi. Wapishi wenyewe, ambao wengi wao si Waislamu, walikuwa wamemwita jirani Mwislamu alfajiri kuja kuchinja kuku wote. Nilipomuuliza bibi, alisema kila wageni wakija hufanya hivyo, kwa sababu huwezi kujua nani yumo ndani ya basi.

## Uamuzi wa pili: vigango

Baada ya kula, mwanachama aliyesoma habari za vigango aliuliza watakwenda kuviona saa ngapi. Kijana alishangaa. Boma lililotajwa na mwanachama lilikuwa jirani, lenye vigango vya zamani, lakini hakuna aliyemwomba mwenye boma ruhusa.

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, inayosimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu miongoni mwa Wagiriama. Kikishasimikwa hakihamishwi. Familia ikihama, kigango hubaki, na hapo ndipo wezi walipopata nafasi: kwa miaka mingi vigango viling'olewa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za watu Marekani na Ulaya. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyokuwa kwenye makumbusho za Marekani vilirejeshwa Kenya. Familia nyingi hazijawahi kuona vyao tena, na zipo zinazoamini kwamba maafa yaliyowapata baadaye yalitoka hapo.

Kijana alikwenda kumuuliza mzee wa boma, mratibu akaomba afuatane naye. Mzee aliwapokea, akawapa viti, akasikiliza, akasema hapana. Alisema wageni wengi wakiingia na simu, picha zitazunguka, na picha moja inatosha kumwonyesha mwizi njia. Mratibu hakubishana wala hakutaja pesa. Alimshukuru, akamwomba radhi kwa kuja bila taarifa. Mzee akamwambia kwamba siku nyingine, watu wawili watatu wasio na simu wanaweza kuja kukaa naye wakazungumza.

Uamuzi wa mratibu ulikuwa kufuta kipengele hicho na kuwaeleza wanachama kwa nini. Yule mwanachama aliyeomba alikasirika. Alisema chama kimelipia "utamaduni". Mratibu alimjibu kwamba hakuna shilingi iliyolipwa kwa mzee yule wala kwa boma lake, na kwamba hata ingelipwa, ruhusa ni ya mzee.

## Uamuzi wa tatu: zamu na ukimya

Waliporudi horini saa nane na nusu, maji yalikuwa yameshapita mizizi ya mbele. Safari hii kijana kiongozi hakuomba; alisimama mlangoni mwa daraja akagawa watu makundi, wanane wanane, watoto wakiwa pamoja na wazazi wao. Kila kundi lilikaa nusu saa hivi. Waliobaki walisubiri kivulini na mwongozaji wa pili, ambaye aliwafundisha kutofautisha mkoko na mkandaa na mchu, aina tatu za miti ya hori, kwa mizizi yake.

Jua lilikuwa mgongoni kwao sasa, kwa sababu kijiji kiko ukingo wa magharibi. Ndege walikuja kama kijana alivyochora. Kwanza vitwitwi, makundi kwa makundi, wakipaa na kutua kila maji yanapowala mchanga. Kisha sululu. Kundi la pili ndilo lililopata wala kaa, zaidi ya mia moja, wamesimama kwenye ulimi wa mchanga wakitazama upande mmoja, na mmoja wao alikuwa akimpigapiga kaa chini mpaka miguu ikakatika, kisha akammeza. Yule mwalimu aliyeuliza asubuhi "ndio hawa" alikaa na darubini mpaka akaombwa ampishe mwenzake.

Kundi la tatu lilitaka wapigiwe makofi ndege wapae ili wapate video. Mwongozaji alikataa, na mratibu alimuunga mkono hapohapo. Hili si suala la adabu tu. Februari ndege hawa wanaanza kujinenepesha kwa safari ya maelfu ya kilomita, na maji yanapojaa hawana pa kula. Ndio wakati wao wa kupumzika. Kila wanapopaa bure wanachoma mafuta waliyoyatafuta topeni asubuhi nzima. Kundi moja likiwarusha mara moja watastahimili. Mabasi kumi kwa mwezi yakiwarusha, watahama ulimi ule wa mchanga, na kijiji kitabaki na daraja.

## Matokeo

Basi liliondoka saa kumi na moja kasoro robo na kufika Mombasa saa mbili usiku, saa moja na zaidi baada ya muda walioahidiwa watu nyumbani. Dereva alikuwa amekubali kwa simu mapema, na aliongezwa kidogo kutoka kwenye fedha za Gede. Wageni wote waliona ndege. Mtu mmoja aliumia mguu na akapona.

Jambo lililoacha uchungu ni ngoma. Kikundi kiliambiwa saa nane. Siku ilipogeuzwa, kijana alimpigia kiongozi wao, simu haikupatikana, na katika pilikapilika hakurudia. Walifika saa nane kamili, wamevaa hando zao (sketi za marinda) na shanga, ngoma zimeshapashwa moto, wakakuta wageni wanasimama kwenda horini. Walicheza dakika kumi. Baadhi ya wanachama walitaka walipwe nusu. Mratibu alilipa 6,000 zote.

## Uchambuzi

Swali ninaloulizwa na kila anayesikia kisa hiki ni kwa nini mratibu hakuuliza habari za maji. Mtu wa mjini hajui kwamba kuna cha kuuliza. Kwake bahari ni mandhari. Swali zito zaidi ni kwa nini kijana, aliyekuwa akijua tangu alipotajiwa tarehe kwamba saa tatu asubuhi hakutakuwa na ndege, alisema tu "karibuni sana".

Nilimuuliza kwenye tathmini, na jibu lake lilinihuzunisha. Alisema akimwambia mteja wa mjini kwamba tarehe yake au saa zake hazifai, mteja atapiga simu kwa mwingine. Watu 31 ni fedha ya karo. Kwa hiyo alinyamaza, akitumaini atapata nafasi ya kurekebisha mambo wakishafika. Na kweli alirekebisha, lakini kwa bahati: mratibu alikuwa mtu wa kuuliza na kusikia. Mwingine angepakia watu wake saa tano akaondoka na kwenda kusema mjini kwamba Mida hakuna kitu.

Hapa ndipo naona kiini cha kisa kizima. Kijiji kilikuwa na ujuzi wote uliohitajika: wa maji, wa daraja, wa vigango, wa kuku. Pale ujuzi huo ulipotumika bila kuhitaji ruhusa ya mgeni, kama alivyofanya bibi na kuku wake, mambo yalikwenda bila mtu hata kugundua. Pale ulipotakiwa kumpinga mgeni mwenye pesa mkononi, ulimezwa. "Taratibu jamani" mara mbili, kisha kimya. Kijana yuleyule aliyeshindwa kuzuia watu darajani asubuhi aliwazuia alasiri bila shida, na kilichobadilika katikati ni kwamba mratibu alikuwa amemsimamisha mbele ya watu wote na kijiti chake, akampa mamlaka. Wenyeji hawapaswi kusubiri mgeni mwema awape mamlaka hayo. Sheria ya watu wanane ingeandikwa ubao mlangoni na kutajwa kwenye simu ya kwanza, asingelazimika mtu kuwa na ujasiri.

Upande wa chama, kosa la vigango lilikuwa kubwa kuliko la maji, ingawa halikuharibu siku. Kuweka boma la mtu kwenye ratiba bila yeye kujua ni kuligeuza kuwa banda la maonyesho. Mratibu alilishughulikia vizuri sana lilipojitokeza: alikwenda mwenyewe, alikaa kitini, alipokea hapana. Lakini mzee asingekuwapo nyumbani, naamini watu wangeingia.

Kuhusu ngoma nakubaliana kabisa na malipo kamili. Waliofika saa waliyoambiwa wametimiza. Kasoro ilikuwa ya mawasiliano ya kijiji: mtu mmoja, simu moja, kazi zote. Kijana alikuwa mpokea fedha, mwongozaji, mjumbe wa jikoni na mpatanishi kwa wakati mmoja. Akina mama wa chakula walilipwa moja kwa moja kwa M-Pesa ya kikundi chao na hawakuwa na lalamiko. Fedha za daraja zilipitia simu ya kijana, na ingawa alizikabidhi zote, ilimchukua siku kadhaa za maneno kuwathibitishia wenzake. Tangu hapo kikundi kimetenga mtu wa fedha na mtu wa mawasiliano, na kiongozi wa ngoma amepewa saa ya mwisho ya kuthibitisha.

Badiliko kubwa zaidi ni dogo kwa sura. Mteja akipiga simu, kikundi hakimwulizi kwanza anataka tarehe gani. Humpa tarehe za mwezi huo zenye maji mazuri, kisha bei. Kwa basi linalotoka Mombasa asubuhi na kutaka kurudi kabla ya giza, siku zinazofaa ukingo huu ni zile za siku tatu hivi kabla ya mwezi mpevu au kabla ya kuandama, maji yanapojaa kati ya saa saba na saa nane mchana: wageni hufika saa nne, huona ndege kuanzia saa tano, hula maji yakiwa yamejaa na ndege wamepumzika. Siku za maji mafu hawazipendekezi kwa wageni wa mara ya kwanza, kwa sababu maji hayafuniki mafungu ya mbali na ndege wengi hawasukumwi hadi karibu. Mteja akishikilia Jumamosi yake ya bamvua, huambiwa aje mchana na arudi usiku, au aje kwa ajili ya kijiji na asitarajie ndege. Chama cha walimu kimeshachukua tarehe nyingine, na safari hii ni kijana aliyeichagua.